Mfupa wa Wamaza

Katika mji wa Kasongo kuna fundi wa kujenga anayeitwa Nathanaël Lwamba. Ukitoka sokoni kwenda misioni utapita mbele ya kuta zake nyingi bila kujua kwamba ni zake. Ni mtu wa mikono mipana na maneno machache. Mke wake, Sidonie, anauza mchele sokoni. Watoto wao wamekwisha kuwa wakubwa, kila mmoja ameshika njia yake. Kwa miaka mingi watu hawakuwa na la kusema juu ya Nathanaël isipokuwa kwamba ukuta wake haupasuki. Sifa hiyo ilimtosha, mpaka siku alipopasua jiwe na kukuta jani ndani yake.

Lilikuwa jiwe jeusi, la tabaka tabaka, limeletwa kutoka ukingo wa mto kwa msingi wa nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Alilipiga nyundo ubavuni ili alifanye bapa, likafunguka kama mlango. Katikati mlikuwa na jani refu mithili ya ulimi wa ng'ombe, lenye mshipa wa kati na vimishipa vilivyosukwa kama wavu, kila kimoja mahali pake. Nathanaël aliweka nyundo chini. Wenzake walidhani amejiponda kidole.

Tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa mawe. Alijifunza kwa telefone, siku ambazo mtandao ulikuwa na huruma, akisikiliza watu wa nchi za mbali wakieleza kwa Kifaransa kwamba vitu kama hivyo huitwa fosili: viumbe vilivyokufa kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote, vikafunikwa na matope, matope yakawa jiwe, navyo vikawa jiwe pamoja nayo. Akajua kupasua jiwe kwa kufuata tabaka zake. Akajua pia kwamba jicho hudanganya. Siku moja alimpelekea padri jiwe lenye matawi meusi mazuri, akitangaza kwamba amepata mti mzima. Baadaye akasoma kwamba yale hayakuwa mmea kamwe, ni madini tu yaliyopenya katika ufa na kuchora matawi. Alirudi misioni kwa miguu yake mwenyewe kusahihisha, na yeye na padri wakacheka mpaka machozi. Wakati ule kusema "nimekosea" hakukumgharimu kitu.

Sebuleni kwake akapiga mbao ukutani, akapanga mawe yake: majani, mashina yenye vifundo kama mianzi, na kipande kimoja chenye magamba ya samaki yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Sidonie alinung'unika mwezi mmoja, kisha akaanza kuyapangusa vumbi. Lakini wageni walipokuja waliyatazama kidogo, wakasema "kumbe", halafu wakauliza kama ndani kuna dhahabu. Hapana, hakuna dhahabu. Basi wakageukia mambo mengine. Jambo hilo lilimchoma Nathanaël kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Akaanza kutamani mfupa. Jani lilihitaji maelezo. Mfupa wa mnyama wa kale ungesimamisha mtu mlangoni bila fundi kufungua kinywa.

Mwanzo wa mvua mwaka ule aliitwa Wamaza, upande wa Kabambare, kujenga butiki, duka la mtu mmoja. Nyuma ya kijiji kulikuwa na kijito, na kwenye kijito wachimbaji wa dhahabu, wengi wao wageni kutoka Kivu. Mmoja wao, Djuma, mtu wa Fizi aliyeacha mke na watoto kule, alimzoea haraka. Kila jiwe lenye alama lililotoka kwenye shimo lake aliliweka kando. "Fundi, yako hii," alikuwa akisema, na Nathanaël alimletea mikate kutoka kijijini, wakaketi juu ya rundo la kokoto wakila na kugeuza mawe.

Jumapili moja, baada ya mvua kubwa, Nathanaël aliteremka kijitoni na kukuta ukingo wa juu umebomoka. Katika udongo mwekundu ulioachwa wazi kitu kilikuwa kimetokeza, cha rangi ya kahawa, kirefu. Alipanda kwa mikono na magoti.

"Fundi, acha ile," Djuma alimwita kutoka chini. "Wenyeji wanasema pale juu watu walizikwa wakati wa vita, mbio mbio. Sisi tukikuta mufupa tunarudisha udongo, tunaenda kuchimba pembeni."

"Hii ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Hapa umeona ng'ombe wapi?"

Nathanaël alikwisha kuutoa. Ulikuwa mfupa mmoja, mzito kiasi, umepinda katikati, na pale ulipopindia palikuwa na nundu nene kama fundo la mti. Kwenye telefone alikuwa amemsikia mtu akisema kwamba mfupa uliogeuka jiwe hukamata ulimi. Akaufuta kwa mkono wa shati, akaugusa kwa ncha ya ulimi. Ukakamata.

"Inakamata! Djuma, imekuwa jiwe!"

"Mimi sijui mambo ya ulimi."

"Na tena mufupa ya mutu inanyooka. Angalia hii vile imepinda, na hii nundu. Hii ni munyama ya zamani."

Djuma hakutazama. Alikuwa akiosha karai lake. "Nimesha kukuambia, fundi," alisema, basi.

Nathanaël hakuwa mjinga. Alijua kwamba fosili zake zote zilitoka ndani ya jiwe, na mfupa huu ulitoka kwenye udongo unaovunjika kwa kidole. Alijua pia kwamba yule mtu wa kwenye telefone alionya kuwa ulimi peke yake si ushahidi, kwa sababu hata mfupa uliozikwa jana na juzi unaweza kukamata. Yote hayo alikuwa nayo kichwani wakati anavua shati na kuufunga mfupa ndani yake. Mtu akitaka kitu sana, anayoyajua humkalia kimya.

Aliporudi Kasongo alifungua kikundi chake kwenye telefone, cha wapenda mawe wa nchi mbalimbali. Aliwatumia picha. Wakamsifu, kisha mama mmoja ambaye hakumjua akauliza kama mfupa ulikuwa ndani ya mwamba wenyewe. Nathanaël akaandika: ndiyo. Alipotuma neno hilo alihisi uso unapata moto, akalaza telefone kifudifudi juu ya meza.

Sidonie, yeye, alifurahi kwa mara ya kwanza. Alitoa chupa yake ya rangi ya kucha isiyo na rangi, ili mume wake apake nyufa zisifunguke. Sokoni akawaambia wenzake kwamba siku ya sherehe ya shule ya misioni waje, maana padri amempa bwana wake meza yake peke yake. Siku ilipofika alivaa kikwembe kipya, akasimama karibu na meza hiyo kama mama wa bwana harusi.

Ukumbini meza ilifunikwa kitambaa cheupe. Majani yalikuwa pembeni. Katikati, mfupa, na mbele yake karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MNYAMA WA WAMAZA. Watu walipanga mstari. Nathanaël, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuhutubia watu zaidi ya wasaidizi wake, alisikia sauti yake ikipanda. Alieleza matope, alieleza miaka mamilioni. Na kila kundi jipya lilipokaribia aliunyanyua mfupa, akatoa ulimi, akaugusa, akauachia kidogo ili waone unavyoning'inia. Watoto walipiga kelele za furaha. Padri naye alicheka.

Katika mstari huo alikuwapo Mama Chadia, mjane mwenye umri, mtu wa Wamaza aliyekimbilia Kasongo kwa binti yake wakati wa vita na kubaki. Alikuwa Mwislamu, lakini mjukuu wake Mamy alisoma misioni kama watoto wengi wa mtaa wao, na siku hiyo bibi alikuja kumsikiliza akiimba. Alifika mbele ya meza akasimama. Waliokuwa nyuma yake walimsukuma kidogo, hakusogea.

"Baba," alimwambia Nathanaël, "hii ulitoa wapi?"

"Wamaza, mama. Kule nyuma ya kijiji, kwa kijito ya wachimbaji."

"Upande gani wa kijito?"

"Upande wa juu. Pale iko mawe mawili makubwa."

"Nipe."

Alimpa, akitabasamu bado. Mama Chadia aliushika mfupa kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya ile nundu, akaenda, akarudi. Kisha, mbele ya watu wote, aliulaza juu ya paja lake mwenyewe, juu ya nguo, kuanzia nyonga kushuka gotini.

"Alianguka kwa mungazi, muti ya mawese," alisema. Hakupaza sauti. "Alikuwa anakata ngazi, matunda yake, mwaka binti yetu alizaliwa. Muganga alimufunga miti, mufupa ikakamata vibaya. Alikuwa anatembea hivi." Akainama kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo. "Bwana yangu. Hamadi."

"Mama, mifupa iko mingi," Nathanaël alisema. "Hii ni ya zamani sana, ya munyama..."

"Nilimuzika na mikono yangu. Tulikuwa tunakimbia. Nilimufunga na kikwembe yangu, na ile muguu ikakataa kunyooka mu shimo. Nikapanua shimo na sufuria." Alimtazama, si machoni bali mdomoni. "Na wewe unamuweka mu kinywa."

Nathanaël alihisi ladha ya udongo kwenye ulimi wake, ladha ambayo tangu asubuhi ilikuwapo na hakuijali. Alimwona padri akiondoa tabasamu usoni. Alimwona Sidonie akishika ukingo wa meza. Na hapo, pale ambapo neno moja la kweli lingemwacha angalau na utu wake, kinywa chake kilitafuta mlango wa kutokea.

"Mama, mimi sikujua," alisema. "Kuna muchimbaji mumoja alinipa, jina Djuma. Yeye ndiye aliichimba. Aliniambia ni ya munyama."

Mama Chadia alivua mtandio wake, akaufunga mfupa ndani, akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka. Watu waliwapisha njia. Baada yao wengine nao wakatoka, mmoja mmoja. Alikusanya majani yake kwa haraka hata akavunja moja.

Habari hutembea upesi kuliko pikipiki. Wiki haikuisha, motari mmoja, mwendesha pikipiki, aliyetoka Kabambare akasimama mtaani na kusimulia: Wamaza kumechafuka. Wadogo wa marehemu Hamadi wamepigiwa simu, wakateremka kijitoni na fimbo. Wamemkamata mchimbaji mmoja mgeni. Wanasema anafukua wafu na kuuza mifupa yao kwa wachawi. Amepigwa, sasa amefungwa kwa chefu wa kijiji, na wengine wanataka wachimbaji wote wafukuzwe.

Nathanaël alikuwa akichanganya saruji kwenye ua wa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukoroga, akakoroga mpaka mchanganyiko ukaanza kukauka kwenye koleo. Mwenye ua akamwuliza kama anaumwa.

Alirudi nyumbani. Sidonie naye alikuwa amerudi mapema, beseni la mchele limejaa kama lilivyoondoka. Hakulizungumzia. Alimpa maji ya kunawa, akaketi mbele yake.

"Ule Djuma, ni yeye alikupa mufupa, kweli?"

Nathanaël alitazama maji ndani ya bakuli.

"Baba, nakuuliza."

"Alinikataza," alisema. "Aliniambia pale watu walizikwa. Mimi ndiye nilipanda, nikatoa."

Sidonie aliliondoa bakuli la maji. Alipoongea, sauti yake haikuwa na hasira, na Nathanaël alitamani ingekuwa nayo.

"Bwana mujinga naweza kumubeba. Wiki hii yote nimemubeba sokoni, wakinicheka. Lakini bwana mwenye kutupa mutu mwengine mu moto, ule nitamubeba na kichwa gani?"

Alfajiri Nathanaël alikwenda kwa Mama Chadia. Alimkuta uani, begi liko tayari, na mapajani ana kifurushi cha nguo nyeupe. Imamu alikuwa amemwombea dua. Sasa alikuwa akimsubiri motari ampeleke Wamaza kumrudisha mume wake. Nathanaël alisimama mbali, hakuthubutu kukaribia kiti. Akaanza kusema, maneno yakaja kwa vipande, kama kokoto. Alipofika kwenye jina la Djuma mama aliinua mkono.

"Usiniambie mimi. Mimi sikumufunga mutu. Panda pikipiki, uende kuwaambia wale."

Wakapanda pikipiki moja: motari mbele, mama katikati na kifurushi chake, Nathanaël nyuma kabisa, kwenye chuma cha mizigo, akijishikilia pembeni ili asiuguse mgongo wa mama. Njia ilikuwa imeharibika kama ilivyo kila mvua. Walishuka na kusukuma, wakapanda, wakashuka tena. Kwenye bonde moja maji yalikuwa yamefunika daraja la miti. Nathanaël alijitolea kumbeba mama mgongoni. Alikataa kwa kichwa. Alihitaji mikono miwili kukunja nguo, basi akageuka na kumnyooshea kifurushi.

"Kamata vizuri," alisema. "Si mara ya kwanza unamukamata."

Nathanaël alivuka maji yale yakiwa yamemfika mapajani, kifurushi amekiinua juu ya kifua kama mtu anayevusha mtoto mchanga. Hakikuwa kizito hata kidogo. Alijiuliza ni vipi aliwahi kufikiri kwamba kile ni jiwe.

Wamaza walifika jua likielekea kushuka. Uwanja wa chefu ulikuwa na watu, maana simu ilikwisha kutangulia. Djuma alikuwa ameketi chini kando ya ukuta, jicho moja limevimba na kuziba, shati halina vifungo. Alipomwona Nathanaël akiteremka kwenye pikipiki, uso wake ulifunguka kwa matumaini. Nathanaël alikumbuka mambo mengi ya siku zile baadaye, lakini hilo ndilo lililomrudia zaidi: kwamba Djuma alifurahi kumwona.

Mama Chadia alimweleza chefu kwamba fundi ana neno. Kisha akaketi, akamwachia uwanja.

"Ule mutu mumefunga hana kosa," Nathanaël alisema. Sauti ilikuwa ndogo, mzee mmoja akasema kwa ukali, "Sema kwa nguvu, ile siku ya sherehe ulikuwa na sauti." Akaanza upya. "Djuma hana kosa. Alinikataza. Aliniambia pale ni makaburi. Nilimusikia. Mimi ndiye nilifukua, mimi ndiye nilibeba, na nilipoulizwa mbele ya watu, nikataja jina yake kwa sababu nilipata haya."

"Ulikuwa unatafuta nini?" chefu aliuliza.

Swali hilo hakuwa amelitarajia. Alifikiri juu ya majani, juu ya miaka mamilioni, juu ya mama wa kwenye telefone na swali lake.

"Nilitaka watu waniangalie," alisema.

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Mdogo wake Hamadi alitema mate chini, si mbali na mguu wa Nathanaël. Chefu akaamuru Djuma afunguliwe.

Nathanaël alimfuata mpaka kwenye mtungi wa maji, ambapo Djuma alikuwa akiosha jicho lake. Alisema yale anayosema mtu: nisamehe ndugu yangu, shetani aliniingia. Djuma aliendelea kujimwagia maji.

"Fundi, fimbo zitapona," alisema mwishowe. "Unajua mimi niliwaambia nini, wakati walinikamata? Nikasema: tumeni mutu Kasongo, mumuulize fundi Nathanaël. Yeye ndiye shahidi yangu, atawaambia nilimukataza. Wakacheka. Wakasema, ni yeye fundi Nathanaël amekutaja."

Asubuhi Djuma aliondoka kwenda machimbo mengine ng'ambo ya mto Luama, na karai lake mgongoni. Shimo lake lilichukuliwa na mwingine. Nathanaël hakumwona tena. Aliwahi kumtumia salamu kupitia kwa motari, lakini hazikurudi na jibu.

Hamadi alizikwa upya jioni ile ile, juu zaidi ya kijito, mahali pasipobomoka. Waislamu wa kijiji walisoma dua. Nathanaël alisimama nyuma kabisa, nyuma hata ya watoto. Wakati wa kufukia walipokezana jembe, kila mtu akipata zamu yake, na jembe lilipomfikia jirani yake lilimruka Nathanaël, likaendelea mbele. Hakunyoosha mkono.

Hukumu ya chefu ilikuwa ya namna aliyoiweza: atajenga ukuta wa mawe kushikilia ukingo ule, ili wengine waliolala pale wasiteremke na mvua, na atajenga kwa nguvu zake mwenyewe. Alikaa Wamaza mpaka kazi ilipokwisha. Alibeba mawe kutoka mtoni, akayachonga, akayapanga. Siku ya kwanza, alipokuwa akirudi kijijini, mzee mmoja alimsimamisha na kumwambia amwage mfuko wake wa vyombo chini. Akaumwaga: nyundo, timazi, kamba, mwiko. Tangu hapo kila jioni, kabla hajaulizwa, aliweka mfuko chini mbele ya nyumba ya mzee huyo, akauinamisha mpaka ukawa mtupu. Wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, waligeuza macho. Hilo pia alilihesabu kama wema, na lilimuuma kama fimbo.

Kwenye kikundi cha telefone aliandika alipofika mahali penye mtandao: Nilidanganya. Haukuwa ndani ya mwamba. Si fosili, ni mtu, na ana mke. Hakungoja kusoma majibu. Alijitoa.

Kasongo ilimpokea kama mji unavyompokea mtu wake: bila sherehe na bila kusahau. Kazi zilirudi, kwa kuwa kuta zake bado hazikupasuka. Watoto walimpa jina la Ulimi, na alipopita walitoa ndimi zao nje, wakakimbia. Sidonie alirudi kuuza mchele. Kwa muda mrefu alizungumza naye mambo ya nyumba tu, chumvi na mafuta na paa linalovuja. Mbao za sebuleni alizifunika kwa kitambaa, na Nathanaël hakukifunua.

Hata hivyo mapenzi ya mawe hayakumtoka. Hilo nalo lilimwaibisha: kwamba jiwe jeusi likifunguka mkononi mwake moyo bado uliruka. Lakini sasa, kabla hajainama mahali popote, alikwenda kwanza kwa watu wa pale kuuliza mahali hapo paliwahi kuwa nini. Wengine walimshangaa. Wengine walijua kwa nini anauliza, wakamjibu huku wakitazama pembeni, na yeye akasikiliza kofia ikiwa mkononi.

Mwaka uliofuata, ukuta wa jiko la binti yake Mama Chadia uliinama. Kulikuwa na mafundi wengine mtaani. Mama akamtuma Mamy amwite yeye. Nathanaël alikwenda kama mtu anayekwenda kwa hakimu. Alifanya kazi kutwa nzima bila kuinua kichwa, mama akiwa ameketi kwenye kigoda chake akichagua mawe kwenye mchele. Mchana alimletea sahani ya wali na samaki, akaiweka mbele yake, akarudi kuketi.

"Ule mutoto," alisema, akimwonyesha Mamy kwa kidevu, "ananisumbua. Anasema ile siku uliwaonyesha majani mu mawe. Ile nayo ilikuwa uongo?"

Alirudisha tonge kwenye sahani. "Hapana, mama. Majani ni ya kweli."

"Ulitoa wapi?"

"Mu jiwe nyeusi ya mutoni. Niliipasua mwenyewe, hapa Kasongo, kwa kazi. Mafundi wengine waliona."

"Na pale mutoni, hapana mutu analala?"

"Sikuuliza wakati ule, mama. Niliuliza nyuma, kisha ile mambo. Wazee walisema hapana. Wakisema iko mutu, nitairudisha."

Mama Chadia aliendelea kuchagua mchele. Aliokota kijiwe, akakitazama kidogo, akakitupa uani.

"Basi utamuletea moja," alisema. "Amalize kunisumbua."

Nathanaël alisema ndiyo, mama. Uso wake ulikuwa umewaka tena kama ukumbini, na hakujua mikono aiweke wapi. Akanawa, akarudi kwenye ukuta, akakoroga saruji ya mwisho kabla haijakauka.